Barua kwa mwanangu aliye Sarajevo, Bosnia

Mama,

Asalaam aleikum. Hapa Ngamiani hatujambo, ila mguu wa mama yako bado. Ile picha ya msituni nilimwonyesha jirani nikajisifu weee, usiku sikupata lepe la usingizi. Nyuma yenu kuna ule mfereji wa zege wa mbio za sleji za Olimpiki ya mwaka 1984, wenzako wote wamesimama juu yake. Wewe peke yako uko majanini. Kwa nini?

Mlima huo ni Trebević, nimeutafuta. Mji wenu umekaa bondeni kama wali kwenye sinia, na kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996 watu walipigwa mizinga kutoka juu huko. Sawa, vigari vya kamba vimerudi tangu 2018, watu wanapanda kunywa kahawa. Lakini waliotega mabomu ardhini hawakuyang'oa walipoondoka. Ukiona kibao chekundu chenye fuvu, rudi kwa nyayo zako zilezile. Hata usipokiona, usitoke njiani.

Uliyoniandikia kuhusu Vijećnica, lile jengo lililokuwa maktaba, vitabu vilivyoungua Agosti 1992 na jengo lilivyofunguliwa tena 2014, nimeyasoma mara tatu. Kalamu hiyo hukuirithi kwangu. Ila barua nzima, habari ya majani hakuna.

Nilimsimulia mama yako kwamba risasi za Juni 1914 zilizomuua mrithi wa ufalme wa Austria huko kwenu, pale penye Daraja la Kilatini, zilileta vita mpaka hapa Tanga, Novemba mwaka uleule, Waingereza wakashuka na askari wao wa Kihindi wakatimuliwa na Wajerumani, na nyuki nao wakawadunga. Nilidhani nitamchangamsha. Akasema, "Kumbe huko hakujawahi kuwa mbali," akaingia ndani.

Yale mawaridi ya barabarani, mashimo ya makombora waliyojaza rangi nyekundu pale walipofia watu, usiyakanyage. Najua wenyeji wanapita juu yake. Wewe zunguka. Na moshi wa makaa ukijaa bondeni wakati wa baridi, funika pua, kifua chako unakijua.

Siku uliyoondoka nilisema nina kikao msikitini. Mama yako anajua hakukuwa na kikao, na mpaka leo hajanisema. Sweta langu la Lushoto silioni. Kama unalo, kaa nalo, lakini vaa na koti juu, baridi ya huko si ya Lushoto.

Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa chupa. Bati la jikoni fundi kalipiga misumari vibaya, mvua inadondokea kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na pesa keshakula. Mdogo wako akikuomba jaketi, usinunue. Alivae wapi Tanga hii?

Picha ijayo ipigwe mpaka miguuni.

Baba yako