Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mbolea hai inayomfikia mkulima ikiwa imekufa

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Ubora wa bakteria wanaouzwa kwa wakulima

Naandika nikiwa afisa ugani, na nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa jambo hili linamgusa kila anayepanda soya, kunde, karanga au maharage. Pakiti za bakteria wa kupaka mbegu zinasifiwa sana siku hizi, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni kweli. Ombi langu ni moja: kabla serikali haijatoa hata senti ya ruzuku kwa pakiti hizo, ihakikishe kwanza kwamba bakteria waliomo wako hai siku mkulima anapozifungua.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Kiwandani huhitajika joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo mkubwa mno ili kuigeuza kuwa mbolea, ndiyo maana gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Raizobia, yaani bakteria waliomo kwenye pakiti hizo, hufanya kazi hiyohiyo ndani ya vinundu vya mizizi ya mikunde, katika joto la kawaida la udongo, na ujira wao ni sukari ya mmea. Si jambo geni. Wanasayansi Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha Ujerumani katika miaka ya 1880, Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe mwaka 1888, na karne ile ilipomalizika walikuwa tayari wanauzwa. Brazili, ambako mwanasayansi Johanna Döbereiner alilipigania jambo hili kwa miaka mingi, leo inalima mamilioni ya hekta za soya karibu bila naitrojeni ya kiwandani.

Lakini Brazili haikufika hapo kwa matangazo ya redio. Kanuni zake zinataka kila gramu au mililita iwe na bakteria hai wasiopungua bilioni 1, na idadi hiyo idumu mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho chenye uzito. Pakiti inaweza kutoka kiwandani ikiwa nzima kabisa, kisha ikakaa mwezi mzima dukani chini ya bati linalochoma, au ikasafirishwa juu ya gari na magunia mengine. Mfuko wa yurea huvumilia hayo. Bakteria hawavumilii.

Mkulima naye hana namna ya kujua. Unga mweusi wa bakteria waliokufa una rangi na harufu ileile ya walio hai. Atapaka mbegu, atapanda, na ukweli ataujua wiki kadhaa baadaye majani yakianza kugeuka njano. Sisi huenda shambani kuchunguza wakati mimea inatoa maua. Mche hauvutwi, kwa maana vinundu hubaki ardhini. Unachimbwa na udongo wake, mizizi inaoshwa polepole, kisha kinundu kinapasuliwa kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika: wekundu ule ni leghemoglobini, inayodhibiti oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Kipimo hiki hakina gharama, na kila afisa ugani angepaswa kukijua, ila kinakuja msimu ukiwa umeshakwenda. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkulima yule humrudishi kirahisi, hata ukimletea pakiti bora.

Nisiwaonee wauzaji peke yao. Bakteria wa soya hawafai kwa maharage, na bado kuna anayeuza pakiti moja kwa mikunde yote. Udongo wenye asidi kali huwaua wengi wao, na bila fosforasi ya kutosha vinundu hudumaa. Kuna pia mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya ukungu. Kuzichanganya na bakteria mara nyingi ni kuwapa sumu. Na anayemwaga naitrojeni nyingi shambani ajue kwamba mmea ulioshiba hautengenezi vinundu.

Kuhusu mahindi na ngano, naomba wizara iwe kali zaidi. Azospirilamu, bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya nafaka, husaidia, hasa kwa kuchochea mizizi kukua na kutandaa, lakini hawajengi vinundu. Anayemwambia mkulima wa mahindi aache mbolea kabisa kwa sababu ya chupa ya bakteria anamdanganya, hata kama ana cheti ukutani.

Ninachoomba kinawezekana, Mheshimiwa. Kila pakiti iandikwe aina ya bakteria, zao wanalolifaa, idadi ya walio hai na tarehe ya mwisho. Wakaguzi wachukue sampuli kwenye rafu za maduka, wala si kiwandani tu, na duka lisilo na sehemu ya ubaridi lisiruhusiwe kuziuza. Kuwahesabu bakteria hai kwenye sahani ya maabara huchukua wiki moja hivi, na vifaa vyake si vya ajabu. Fungu la fedha likipatikana, lianzie kwenye maabara hiyo. Ruzuku ya pakiti inaweza kusubiri msimu mmoja.

Wako katika kazi,
Afisa ugani