Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiharusi Kisichotokana na Mshipa

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nayapitia haraka. Kamati imekutana kila robo mwaka, hesabu atawasomea mweka hazina, na nafasi mbili za kamati zitapigiwa kura baada ya taarifa hii. Nguvu zetu nyingi mwaka huu zimekwenda kwenye jambo moja: picha za ubongo, na namna zinavyosomwa pale mwenzetu anapofikishwa hospitali akiwa amepooza upande mmoja, haoni vizuri, au ana degedege lisilokatika.

Wapo waliouliza chama cha magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yaani ya namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nishati, kinatafuta nini kwenye kazi ya wataalamu wa radiolojia. Wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba neno “kiharusi” limetuponza. Kiharusi wanachokijua wengi huletwa na mshipa wa damu ulioziba au kupasuka. Katika magonjwa yetu mengi mshipa mkubwa uko wazi na damu inapita. Kilichogoma ni seli yenyewe: ama mitokondria, vinu vya nishati vya seli, haizalishi nishati ya kutosha, ama sumu imejikusanya kwa sababu protini haikuvunjwa ipasavyo.

Mfano unaotajwa zaidi ni MELAS, ugonjwa wa mitokondria uliopewa jina hilo mwaka 1984. Takriban asilimia 80 ya wagonjwa wake wana kosa lilelile la jeni, kwenye nukta ya 3243 ya DNA ya mitokondria. Katika MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, doa lake hupenda gamba la ubongo, hasa kisogoni na pembeni, na halifuati mipaka ya eneo linalolishwa na mshipa mmoja. Siku zinavyopita linaweza kutambaa hadi sehemu jirani, au likafifia huku na kuzuka kule. Kipimo cha mwendo wa maji ndani ya tishu nacho husaidia: mshipa ukiziba, mwendo huo hushuka waziwazi, lakini katika MELAS unaweza kuwa wa kawaida, kupanda, au kuchanganyika ndani ya doa moja. Wengine hutegemea kuonekana kwa laktiki asidi, asidi inayojikusanya seli ikikosa nishati. Inasaidia, ila haitoshi, maana hata kiharusi cha kawaida huizalisha.

Kwa watoto sura hubadilika. Kwenye asiduria ya glutariki ya aina ya kwanza, mojawapo ya magonjwa ya kutovunja protini ipasavyo, homa au kutapika kwa siku chache kunaweza kuharibu viini vya ndani vya ubongo, pande zote mbili kwa ulinganifu, na mara nyingi hutokea kabla ya miaka sita. Baadhi ya watoto hao huvuja damu chini ya utando wa ubongo, na wapo wazazi waliowahi kushukiwa kumpiga mtoto. Kwenye asidemia ya methilmaloni, ugonjwa mwingine wa kundi hilo, sehemu inayoumia hasa ni globasi palidasi, kimojawapo cha viini hivyo vya ndani. Ulinganifu wa namna hiyo unapaswa kumshtua msomaji wa picha, kwa kuwa mshipa mmoja ulioziba kwa kawaida hauumizi pande mbili kwa kipimo kimoja.

Sasa kosa, na ni langu. Toleo la kwanza la kadi yetu ya dharura liliandikwa: “Asipewe tiba ya kiharusi.” Niliidhinisha mwenyewe, tena nikajisifu kwamba sentensi ni fupi. Mwanachama mmoja muuguzi akaniuliza: na mwenye Fabry je? Na mwenye homosistinuria? Hayo nayo ni magonjwa ya kurithi ya umetaboli, ila wenye nayo damu yao huweza kuganda kwelikweli, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida ina dirisha la saa nne na nusu tu tangu dalili zianze. Kadi ile ingeweza kumnyima mtu mguu wake, au uhai. Tuliiondoa wiki hiyohiyo.

Kadi mpya haimkatazi daktari tiba hiyo. Inataja ugonjwa kwa jina, inaomba amonia, glukosi na laktiki asidi zipimwe bila kusubiri picha, na inakumbusha kwamba CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, ya saa za mwanzo inaweza kuonekana safi. Kwa wenye magonjwa ya mitokondria, inatahadharisha kuhusu valproeti, dawa ya kutuliza degedege, hata degedege likiwa kali. Mstari wa mwisho unauliza: picha za zamani ziko wapi? Huo ndio niliougombania zaidi. Doa la leo halisomeki vizuri bila la mwaka jana kando yake, na ripoti ya karatasi haichukui nafasi ya picha zenyewe. Ombeni nakala kila mara, mziweke pamoja na kadi.

Bado hatujakubaliana kuhusu arginini, ambayo baadhi ya madaktari huwapa wagonjwa wa MELAS. Baadhi yenu mnataka itajwe kwenye kadi. Kamati inaona uamuzi huo ubaki kwa daktari anayemjua mgonjwa. Mjadala utaendelea mchana.

Aliye na kadi ya zamani airudishe mezani kwa katibu kabla ya kuondoka, hata kama imechakaa.