Barua ya Wazi kwa Meya wa Mji Wetu Kuhusu Uraia wa Heshima wa Mussolini

Mheshimiwa Meya,

Nakala ya Kiitaliano ya barua hii niliikabidhi mapokezi ya ofisi yako wiki iliyopita, ikagongwa mhuri. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wenzangu wanaoishi Italia, na kwa ndugu waliobaki nyumbani ambao huniuliza kisa chake kila ninapopiga simu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimeishi katika mji huu wa bonde la mto Po kwa miaka 14, na mwaka juzi nilikula kiapo cha uraia mbele yako, ukanipa mkono na nakala ya Katiba. Sikujua siku ile kwamba katika orodha ya raia wa heshima wa mji huu lingali limo jina la Benito Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, lililoingizwa na baraza Mei 1924 bila yeye kupanga foleni yoyote.

Katika kikao cha mwezi uliopita ulisema kwamba uraia wa heshima hufa pamoja na aliyepewa, kwa hiyo hakuna cha kufuta, na kwamba baraza lina barabara mbovu za kushughulikia. Barabara ni mbovu kweli, hilo silibishi. Lakini uamuzi ule ulipitishwa na baraza hili hili unaloliongoza, na inafaa tujiulize baraza lilikuwa katika hali gani lilipoupitisha.

Ufashisti ulianzishwa Milano tarehe 23 Machi 1919, ila ulinenepea huku kwetu, ambako wenye mashamba, kwa kuogopa vyama vya vibarua, waliwapa wafashisti wenye mashati meusi fedha na malori. Tarehe 21 Novemba 1920, siku baraza jipya la wasoshalisti lilipoingia madarakani Bologna, fujo na risasi ziliua watu wasiopungua kumi. Baada ya hapo magenge yalipita mji hadi mji, yakichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na maduka ya ushirika, na kuwalazimisha madiwani waliochaguliwa kihalali wajiuzulu. Bibi mmoja niliyemhudumia kwa miaka sita hadi alipofariki, mzaliwa wa 1930, alinisimulia yaliyompata baba yake, aliyekuwa mweka hazina wa ushirika. Walimfunga kwenye kiti cha jikoni kwake, wakamnywesha chupa nzima ya mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo sisi Tanga tulipewa kijiko kimoja tukalia, kisha wakamtembeza mtaani mpaka suruali ikamwaibisha mbele ya majirani. Askari walikuwa wamesimama pembeni. Mzee yule hakupita tena mtaa ule maisha yake yote. Akienda kanisani alizungukia upande wa mfereji.

Wengi wanadhani Mussolini aliichukua Roma kwa nguvu. Tarehe 28 Oktoba 1922 serikali ilikuwa tayari na tangazo la hali ya hatari la kuwazuia wafuasi wake, Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kulitia sahihi, na Mussolini akaenda kukabidhiwa uwaziri mkuu kwa treni ya usiku kutoka Milano. Sheria ya uchaguzi ya 1923 iliipa orodha ya wagombea iliyoongoza kwa kura theluthi mbili ya viti vya bunge mradi ipate robo ya kura, na kura za Aprili 1924 zikapigwa chini ya marungu. Mwezi uliofuata baraza letu likatoa heshima yake. Tarehe 30 Mei mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni kuushutumu uchaguzi ule. Tarehe 10 Juni alitekwa, na mwili wake ukapatikana Agosti katika msitu nje ya Roma. Jina la raia wetu wa heshima, Mussolini, halikuondolewa, hata pale yeye mwenyewe aliposema bungeni tarehe 3 Januari 1925 kwamba anabeba jukumu la yote yaliyotokea.

Mwaka 1926 alikifuta cheo chako, Mheshimiwa. Mameya na mabaraza ya kuchaguliwa yaliondolewa, na kila mji ukaletewa podestà aliyeteuliwa kutoka juu. Madiwani waliompa uraia hawakubaki hata na mahali pa kuuondolea.

Bibi yule niliyemhudumia alikulia katika miaka hiyo. Kadi ya chama, watu waliiita kadi ya mkate, kwa kuwa bila hiyo kazi ya serikali hukuipata. Katika kura ya 1929, baba yake alisema, karatasi ya "ndiyo" ilikuwa na rangi za bendera na ya "hapana" ilikuwa nyeupe, hivyo msimamizi hakuhitaji kukuuliza umechagua nini. Tarehe 18 Desemba 1935 mama yake alitoa pete yake ya ndoa ya dhahabu kwa ajili ya vita vya Uhabeshi, akarudishiwa ya chuma. Nimewahi kuishika pete hiyo. Ni nyepesi, na kwa ndani imeshika kutu.

Dhahabu ile ilikwenda kugharimia vita ambavyo ndani yake Wahabeshi walimwagiwa gesi ya sumu kutoka angani, na Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano huko, maelfu ya wakazi wa Addis Ababa wakauawa kwa siku tatu. Babu yangu mzaa mama, askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa huko 1941 kuwatoa Waitaliano. Kwa hiyo usinielewe kama mgeni anayeingilia ugomvi wa familia ya watu.

Ombi langu ni dogo. Hoja ya kuufuta uraia huo iwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na kabla ya kura, muhtasari wa Mei 1924 usomwe kwa sauti ukumbini. Usichanwe wala usifichwe. Ubaki kwenye jalada lake, na nyuma yake uwekwe uamuzi mpya wenye tarehe na sahihi yako.

Wako kwa heshima,
Raia wa mji huu, mzaliwa wa Tanga