Ickx alifunga mkanda kwanza, ndipo akawasha gari

Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Miongoni mwa vijana wetu wanaokimbiza magari usiku njia ya Fumba na ya Tunguu kuna imani kwamba mkanda ni wa anayejifunza udereva, na kwamba waendeshaji wa mbio hawana shida nao. Sisi tunaofuatilia mbio za saa 24, na ambao kazi yetu ni gereji, tunasema si kweli. Ushahidi wetu ni Jacky Ickx, Mbelgiji aliyezaliwa Brussels mwaka 1945.

Kwa asiyemjua: mwaka 1966 alishinda saa 24 za Spa, kwao Ubelgiji, kwa BMW 2000 TI akipokezana usukani na Hubert Hahne. Mwaka 1977 alishinda Bathurst, Australia, akiwa na Allan Moffat ndani ya Ford Falcon. Mwaka 1983 akashinda Paris–Dakar kwa Mercedes 280 GE. Saa 24 za Le Mans, Ufaransa, alizishinda mara sita: 1969, 1975, 1976, 1977, 1981 na 1982, na hakuna aliyempita hadi Tom Kristensen mwaka 2005. Huyu hawezi kuitwa mwoga.

Mwaka 1969 ndio wa kuutazama kwa makini. Zamani Le Mans magari yalipangwa mshazari upande mmoja wa njia, madereva wakasimama upande wa pili. Bendera ikishuka, kila mtu anakimbilia gari lake. Ili kuokoa sekunde, wengi waliondoka bila kufunga mkanda, wengine wakihangaika kuufunga gari likiwa mbioni. Mwaka 1968 Mbelgiji mwenzake, Willy Mairesse, aliondoka bila mlango kushika sawasawa. Mlango ukafunguka mzunguko wa kwanza, akapata ajali iliyommaliza katika mbio. Mwaka uliofuata, wenzake walipokimbia, Ickx alivuka njia akitembea. Akaingia katika Ford GT40 yake, akafunga mlango, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Mzunguko huohuo John Woolfe, ambaye hakuwa amefunga mkanda, alianguka na Porsche 917 na kufariki. Kesho yake Ickx na Jackie Oliver walishinda, wakimwacha Hans Herrmann kiasi cha mita 120 baada ya karibu kilomita 5,000. Kuanzia 1970 madereva wakaanza mbio wakiwa wameketi na mikanda yao imefungwa.

Na halikuishia kiwanjani. Jumatatu asubuhi, akielekea Paris katika barabara ya kawaida, gari lilimkatia njia karibu na Chartres na Porsche yake ikaishia kwenye nguzo. Alifungua mkanda akatoka mzima.

Tunajibiwa kwamba mjini gari haikimbii. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mwili ukigonga usukani kwa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka kiasi cha mita 10, yaani ghorofa ya tatu pale Michenzani. Mikono haiwezi kuzuia kitu hapo.

Lakini kufunga tu hakutoshi kama mkanda wenyewe ni mbovu, na magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika. Vuta mkanda wote utoke, utazame chini ya mwanga. Ukiona nyuzi zimechanika pembeni, au umekakamaa na kung'aa kama ulioungua, ubadilishwe. Usishonwe kwa cherehani. Kisha uvute polepole, halafu ghafla. Ukivutwa ghafla lazima ushike papo hapo. Usiposhika, roli yake, yaani kile kinachouzungusha na kuurudisha ndani, imekufa. Mkanda unaorudi kwa uvivu mara nyingi una uchafu, chumvi na mchanga wa pwani: uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, uanike kivulini ukiwa umetolewa wote, na usiurudishe kabla haujakauka. Oili usiitie kabisa katika roli, itakamata vumbi.

Inua zulia la gari utazame zilipofungwa bolti za mkanda, hasa kama gari hubeba samaki. Kutu ya hapo haionekani juu, na ikishakula bati, bolti hung'oka nalo. Bolti hizo nyingi ni za inchi 7/16, si za milimita. Tumekuta watu wametia ya milimita 10: inaingia, inacheza, na siku ya ajali inatoka.

Ukiwasha swichi, taa ya mifuko ya hewa iwake sekunde chache kisha izime. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili kuficha ajali ya nyuma. Mkanda wa mbele uliokwama, hauvutiki wala haurudi, huenda ulishafyatuka katika ajali hiyo, na haufai kutengenezwa. Mfuko wa hewa nao umeundwa kufanya kazi pamoja na mkanda, si badala yake.

Kamba ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kwa mama mjamzito ipite chini ya mimba. Ya juu ipite katikati ya bega na kifua. Kuipitisha chini ya kwapa ni kujivunja mbavu.

Ombi letu kwa wenye Noah na Alphard za kukodisha, Unguja na Pemba: mnapovika viti kava mpya, toboeni nafasi ya vishikio vya mikanda ya nyuma. Vingi vimezikwa chini ya kava. Abiria wa nyuma asiyefungwa hurushwa mbele na kumbana dereva dhidi ya usukani, hata kama dereva mwenyewe amefunga wa kwake.

Mafundi magari na wapenzi wa mbio,
Unguja