Nimehama nyumba, jina langu limegoma kuhama

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika ukurasa wa barua. Habari yangu ni ya ruzuku iliyokatika nilipohama nyumba; haina mgogoro wa ardhi wala mbunge ndani yake, lakini naamini wako wasomaji wenye magongo, fimbo nyeupe na viti mwendo ambao imewakuta au itawakuta.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 49. Polio ilinikuta nikiwa bado natambaa. Mguu wa kulia ulibaki mwembamba kama mwiko, wa kushoto unanisaidia nikiufunga chuma. Natembea kwa magongo mawili, na cherehani yangu ni ile ya kuzungusha kwa mkono. Watu wa Tanga tunajulikana kwa baiskeli, nami ninayo yangu ya miguu mitatu, ambayo pia naiendesha kwa mikono. Kwa hiyo mikono hii miwili ndiyo miguu, ndiyo kazi, ndiyo nauli.

Kwa miaka kumi na mmoja nilipanga chumba Ngamiani, katika zile barabara za namba. Chumba chenyewe hakikuwa na neno. Neno lilikuwa choo. Kilikuwa uani, unapanda ngazi tatu za saruji zisizo na pa kushika, na mlango unafungukia nje, kwamba ukiuvuta unakusukuma nyuma. Mzima haoni tatizo hapo. Lakini mtu wa magongo, mkono mmoja uko kwenye gongo, wa pili umeshika kopo la maji, mlango auvute kwa meno? Masika ya 2024 niliteleza pale alfajiri, nikateguka kifundo cha mkono wa kulia. Wiki tano sikushona hata kifungo.

Kaka yangu ana nyumba Pongwe, kwenye barabara ya kwenda Segera. Alikuja kunijulia hali, akakitazama kile choo, hakusema kitu. Kumbe alirudi kwake akamwita fundi. Uani kwake kulikuwa na banda la vyumba viwili alilokuwa akiwekea mbao. Akalisafisha, akakishusha kizingiti kikawa sawa na ardhi, akaweka choo cha kukaa na bomba la chuma ukutani la kushikilia. Siku aliponionesha lile bomba nililia mbele ya wifi yangu, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Mwezi wa saba nikahamia, mimi na mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu ana miaka miwili.

Kabla ya kuhama nilipiga hesabu zangu. Niliona nitapoteza wateja wa madera wa pale Ngamiani, nitakuwa mbali na hospitali ya Bombo, na nikitaka kwenda mjini nimebeba vitambaa itabidi bajaji ya kukodi, kwa sababu daladala hazina subira na magongo. Yote hayo nilijiandaa nayo. Ambalo sikulipigia hesabu ni jina langu.

Mimi ni mlengwa, Mhariri. Ndivyo tunavyoitwa tunaopata ruzuku ya kaya maskini kupitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza mwaka 2000. Kwa wasiojua inavyokwenda: mkutano wa hadhara huitishwa mtaani, wakazi wenyewe wanataja kaya zilizo na hali ngumu zaidi, kisha huja dodoso, unaulizwa sakafu ni ya nini, paa ni la nini, mnakula mara ngapi, mko wangapi. Ukikubalika, malipo huja kila baada ya miezi miwili, na siku hizi wengi tunapokea kwa simu. Si fedha nyingi, na sitaki aniambie mtu kwamba nataka kulelewa na serikali. Lakini zilinunua mipira ya magongo, ambayo ikiisha gongo linateleza kwenye saruji kama sabuni. Zilinunua madaftari ya mtoto na kulipia kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii. Naishukuru ile ruzuku kwa yote iliyonifanyia, na sitaitaja ofisi wala mtu katika nitakayoyasimulia, kwa sababu hakuna aliyenitukana. Mmoja alinipa hata kiti chake.

Malipo ya kwanza baada ya kuhama, simu haikulia. Nikadhani mtandao. Ya pili, kimya. Nikapanda bajaji hadi mtaa niliotoka. Pale nikaelezwa kwamba kulikuwa na uhakiki, jina langu likasomwa, na majirani zangu, Mungu awabariki kwa ukweli wao, wakajibu kwa sauti moja, "Huyo kahama!" Ni kweli, nimehama. Sikuwa na la kubisha. Jibu la kwanza likawa hilo: mama, wewe si mkazi wa hapa tena, nenda ulikohamia.

Nilikohamia nikapokelewa vizuri, nikapewa maji. Jibu la pili: orodha ya hapa ilishafungwa, subiri utambuzi mwingine wa kaya. Utakuwa lini? Tutatangaziwa.

Jibu la tatu nililipata kwa kijana mmoja mpole, mjini, ndiye huyo wa kiti.

"Mama, sasa unakaa kwa nani?"

"Kwa kaka yangu."

"Nyumba ni yake?"

"Yake."

"Ya bati? Ina umeme? Ina friji?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi mama, wewe umeshaingia kwenye kaya ya kaka. Na kaya ile si maskini."

Wazee wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Leo nimejifunza kwamba, kwenye karatasi, akaaye kwa nduguye hawi maskini tena.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini. Kaya ni nini? Sisi watu wa pwani tunajua: kaya ni chungu kimoja. Mnaopika pamoja na kula pamoja, ndio kaya. Mimi jiko langu la mkaa liko mlangoni pangu, unga nanunua mwenyewe, luku ya banda ina mita yake. Kaka kanipa mlango usio na kizingiti, hakunipa mshahara. Friji ni ya wifi yangu, na mimi huweka humo chupa moja ya maji, tena kwa kuomba. Lakini mtu mwenye ulemavu akikaa karibu na ndugu, haraka haraka anahesabiwa kuwa ni mzigo wa ndugu huyo. Mdogo wetu wa kiume, mzima, alipanga chumba kwenye ua huo huo kwa miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kaya ya kaka.

Na kaya hiyo ya kaka yenyewe haina nafasi yangu. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, nilipoikata, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita. Kaka, mkewe, watoto wanne: sita. Kwenye ruzuku mimi ni wa kaya yake, kwenye matibabu mimi wa nje. Ikabidi mimi na mtoto tukate kadi yetu, yaani kwa CHF sisi ni kaya kamili tunaojitegemea. Kadi ninayo hapa, nimeiweka karibu na cherehani niitazame ninapochanganyikiwa.

Yule mtoto yeye kahama bila tabu. Mwalimu wa shule ya zamani kajaza fomu ya uhamisho, wa shule mpya kapokea, siku ya tatu yuko darasani na sare yake ile ile. Mwanzoni mwa 2025 lilipokuja zoezi la kuboresha daftari la wapiga kura, mwandikishaji kaniuliza tu zamani nilijiandikisha wapi na sasa nakaa wapi, nikaondoka na kadi mpya. Foleni ndiyo iliyokuwa ndefu, si kazi yenyewe. Jirani yangu hapa Pongwe ni mstaafu, alifanya kazi miaka mingi, pensheni yake inaingia benki hata akihamia Mtwara. Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, tangu 2016 mzee akifika miaka 70 analipwa pensheni jamii kwa umri wake yeye, haulizwi mwanawe ana friji. Sasa niambieni, kwa nini mtoto ahame, kura ihame, pensheni ihame, ila ruzuku ya mtu wa magongo ndiyo ibaki Ngamiani ikilinda choo?

Nilikuwa na bahati katika jambo moja. Sisi tuna kikundi cha watu wenye ulemavu, tunatengeneza sabuni ya maji na mikoba, na tuliomba mkopo ule usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana, na 2 ni yetu. Pongwe bado ni Jiji la Tanga, kwa hiyo nimebaki kikundini. Mwenzetu aliyehamia Muheza kwa mumewe ilibidi ajitoe, kwa sababu Muheza ni halmashauri nyingine. Alituachia ndoo yake ya kuchanganyia sabuni. Mpaka leo tunaitumia.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni shoga yangu mmoja, haoni. Anaishi peke yake katika chumba kinachoingiza maji kila masika. Mwanawe amejenga Kange, amemwandalia chumba, anamwita kila mwezi. Hataki kwenda. Watu wanadhani ni ukaidi wa uzee. Kaniambia mimi kwa sauti ya chini: "Nikienda kwa mwanangu watanikata. Na mwanangu akichoka nami, nitarudi wapi?" Niliposimulia yaliyonikuta, alinishika mkono akasema, "Umeona?" Nikakosa la kumjibu. Kwa hiyo anakaa ndani ya maji ili abaki kwenye orodha.

Kwenye semina ya kikundi tulisomewa Katiba ya 1977. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 11 inazungumzia msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Upo pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, na kifungu chake cha 19 kinasema sisi nasi tuchague pa kuishi na wa kuishi naye. Nilifurahi kusikia. Ila mimi nikiishika ibara moja, nyingine inaponyoka, kama nilivyokuwa mlangoni pa kile choo na gongo na kopo.

Najua kwa nini kuna ukali kwenye orodha. Zilikuwapo kaya hewa, watu walikula kwa majina ya marehemu, na wengine walijiandikisha mitaa miwili. Uhakiki uwepo. Lakini mimi si hewa, nina kilo sabini na mbili na magongo yanayosikika kabla sijafika.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Mtu akihama na mtaa anaotoka unajua kahama, si umpe karatasi ya kukabidhi jina lake kwa mtaa anaokwenda, kama mwalimu alivyofanya kwa mtoto? Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010, inataka ziwepo kamati zetu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zikabidhiane watu. Na ikiwa utaratibu wa kuhama upo tayari, basi ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mtaa, ukurasa mmoja, kwa maandishi makubwa, na usomwe mkutanoni kwa ajili ya wasioona. Mimi nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu, na nauli ya bajaji nimelipa mara tatu, kwenda na kurudi.

Jumatano nakwenda tena, safari hii na barua ya mwenyekiti, kadi ya CHF na picha ya jiko langu niliyopigiwa na mtoto kwa simu. Nikipewa jibu la nne, nitakuandikia.

Wako msomaji,
Fundi cherehani,
Pongwe, Tanga