Mwanangu, mafuta yakiwa jikoni usiyape mgongo

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia umepata pa kukaa penye jiko lako mwenyewe. Kupika unajua, hapo sina la kukufundisha. Nakuandikia kwa sababu ya mafuta, maana ndiyo yanayonitia hofu kuliko kitu kingine chochote jikoni, na moto mwingi wa jikoni huanza pale mpishi anapoondoka kidogo tu, akidhani atarudi mara moja.

Maji yakichemka hufika nyuzi 100 na kuishia hapo, hata ukizidisha moto. Mafuta hayana kikomo hicho. Yanazidi kupanda tu, na mengi ya kupikia yakifika nyuzi 200 na ushee huanza kutoa moshi. Ukiyaacha yakapita nyuzi 350 hivi, yanaweza kuwaka yenyewe bila kuguswa na mwali. Kwa hiyo usijidanganye kwamba jiko la umeme ni salama kwa kuwa halina moto unaoonekana.

Yatazame kwa makini siku utakayokaanga. Kwanza uso wake hutulia, kisha huanza kucheza-cheza na kumeremeta ukiinamisha kikaangio kidogo. Hapo yako tayari. Yakizidi, utaona uzi mwembamba wa moshi ukitoka pembeni, na harufu yake inakereketa koo. Huo moshi ndio onyo lako. Zima jiko, usitie chochote ndani, subiri yapoe. Na kama simu imeita au mtu amebisha hodi wakati unakaanga, zima kwanza ndipo uende.

Sasa, yakishika moto. Hapa naomba usome polepole. Zima jiko kama mkono wako unafika kwenye swichi bila kupita juu ya mwali. Chukua mfuniko, uushike mbele yako kama ngao, uutelezeshe juu ya kikaangio kuanzia upande ulio karibu nawe. Kisha uache hapo hapo. Usichungulie! Mafuta bado yana joto la kuwaka, na ukifunua tu hewa inaingia na moto unarudi. Acha mpaka chombo chenyewe kipoe kabisa.

Maji usimwage, hata kikombe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, na kwenye joto lile yanageuka mvuke papo hapo, mvuke unaochukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yenyewe. Unaporuka juu unabeba mafuta yanayowaka, yanasambaa hadi darini na usoni mwako. Wala usikibebe kikaangio kukikimbiza nje, wala usirushe unga, maana unga nao unawaka. Kama huna mfuniko karibu, au moto umeshapanda kabatini, toka, funga mlango nyuma yako, piga simu zimamoto ukiwa nje. Vyombo tutanunua vingine.

Ukitumia gesi ya mtungi, kumbuka ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini. Ukisikia harufu yake, usiwashe taa na usizime iliyowaka, maana cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje, na simu ipigie huko huko. Kukagua kama mpira unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, hapo panavuja. Watu wengine hukagua kwa kiberiti, nawe ukimwona anayefanya hivyo mzuie. Mwali ukiwa wa manjano na kuacha masizi badala ya kuwa wa bluu, mwite fundi.

Mkono wa kikaangio uelekeze ndani, usining'inie mbele ya jiko. Mikono ya nguo ikunje, hasa nailoni, inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Kitambaa cha kushikia vyombo kikae mbali na moto.

Ukiungua, weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, uvue pete na saa kabla hapajavimba. Dawa ya meno na mafuta usipake, vinazuia joto kutoka. Kidonda kikiwa kikubwa, au kiko usoni au mkononi, nenda hospitali.

Na ukirudi usiku umechoka, usingizi umeshakushika, usikaange. Kula kitu kisichohitaji moto, ulale.

Kesho chukua kikaangio chako ukipime na mifuniko uliyo nayo. Kama hakuna unaoziba ukingo wote, nunua mmoja wa chuma kabla hujakaanga tena (wa kioo unaweza kupasuka kwa joto lile), uuweke pembeni ya jiko kila unapopika. Ukishaupata nipigie unijulishe.

Mama yako