Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Lushoto, Februari

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kutoka huku juu. Mimi mzima, ila baridi ya usiku inanilaza na soksi na kilemba. Plamu zinaishia, mapeasi yameshika zamu, na gari likipunguza mwendo tu pale Soni watoto wamekwishalizunguka na ndoo zao.

Ujumbe wako niliupata. Unataka kuacha kazi, uhamie kwenye shamba la marehemu bibi yako, utengeneze jamu. Uliniomba nisikujibu kwa haraka, kwanza nikuulizie kwa watu wanaofanya kazi zao huku mlimani Usambara. Nimeuliza. Kazi iliyonileta, ya kukagua madaftari ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, imenisaidia sana, kwa sababu mtu akishakufunulia daftari la mikopo yake hana tena la kukuficha.

Nianze na mama wa jamu, maana ndiye unayetaka kuwa yeye. Ni mwalimu mstaafu, anakaa kwenye kitongoji kimoja juu ya Soni. Jiko lake ni chumba alichokitenga na nyumba: sakafu ya saruji, dari, nyavu madirishani, sufuria mbili kubwa na mizani. Hakikuwa hivyo. Alipokwenda kuomba nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, aliambiwa jamu yake haina kasoro, ila jiko ndilo halipiti, akauza ng'ombe akajenga. Ada ya nembo haikumsumbua, kwa kuwa wajasiriamali wadogo wanabebwa na serikali miaka ya mwanzo wakiwa na barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Iliyomla ni saruji.

Nilimwomba anifunulie hesabu. Wewe, nakujua, ungedhani gharama iko kwenye matunda. Matunda ndiyo rahisi kuliko vyote. Sukari inafuata. Kinachomnyima usingizi ni chupa! Chupa zenye mfuniko wa kubana hewa anaziagiza Kariakoo, zinapanda na basi mpaka Mombo, chini ya mlima, kisha zinakula kona zile zote za mlima, na kila katoni inafika na zake zilizopasuka. Mfuniko hautumiki mara ya pili. Ndiyo maana ukimkuta mteja anamrudishia chupa tupu kwa wema, yeye anapokea, anashukuru, halafu anawekea maharage ya mbegu.

Kuhusu kujua jamu imeiva, hana kipimajoto. Anadondosha tone kwenye sahani ya baridi, anangoja kidogo, anasukuma kwa kidole. Ikikunja ngozi, anatoa jikoni. Nilijaribu nikaipeleka mbali, ikawa pipi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyoniambia kabla sijaondoka nakuandikia kama alivyosema: "Mwanangu, kabla ya jamu nilikuwa naomba. Dalali anafika alfajiri, anataja bei yake, na anajua kwamba plamu zangu zimeiva, kesho kutwa zitakuwa maji. Sasa mali yangu iko kabatini. Akitaja bei nisiyoitaka, namkaribisha chai."

Hilo la kabati limenikaa. Ndilo nililokuja kulipimia wengine wote niliozungumza nao, na ndilo hasa jibu langu kwako: usiulize kama una matunda, uliza kama unachokiuza kinaweza kukungoja.

Maana mlima huu umezoeshwa kuteremsha upesi upesi muda mrefu. Wajerumani walipokuwa wakiuita mji huu Wilhelmstal walikuwa na shamba la majaribio pale Kwai tangu 1896, wakijaribu mboga na mifugo ya kwao kwenye hii baridi. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo 1905. Leo kabichi, karoti, hoho, viazi na matunda vinashuka kwa Fuso, mara nyingi usiku, ili vikaamkie sokoni Dar. Anayelima yuko juu, bei inapangwa chini, na katikati kuna barabara moja. Nenda pale Irente uangalie bonde, uone Mazinde na mashamba ya mkonge huko chini, utaelewa kwa macho kabla ya kuelewa kwa hesabu.

Chini kidogo ya Soni nilikaa na mzee mmoja, fundi wa matenga. Anasuka kwa fito na mianzi iliyopasuliwa, kisu kimoja, bila kipimo zaidi ya mkono wake. Nikamsifu kwamba matenga yake yanalingana. "Yanalingana mdomo," akasema. "Tazama tumbo." Kweli, mdomo ni ule ule, lakini tumbo limetanuka. Madalali ndio wanaoagiza hivyo. Mkulima analipwa kwa tenga, halipwi kwa kilo, basi kila tumbo linavyoongezeka yeye anaongeza matunda ya bure. Ile lumbesa, kujaza kupita kipimo, unayoijua kwenye magunia ya viazi, huku inasukwa toka mwanzo. Sheria inakataza, na kila mtu anajua inakataza, lakini alfajiri Fuso ikiwa imeshawasha injini hakuna anayetoa mizani.

Nikamuuliza kama hana ndugu wanaolima. Anaye mdogo wake, mwenye miti ya mapeasi. "Anajua tenga linalompunja nimelisuka mimi. Idi tunakula pamoja." Hakusema kwa majuto wala kwa utani. Akaendelea kusuka. Baadaye akaniambia kreti za plastiki zimeanza kuonekana, na kwamba madalali hawazipendi kwa sababu plastiki haitanuki. Nimemfikiria mzee huyu kuliko wengine wote. Ana ufundi ambao ukiuona utamwita msanii, na ufundi huo huo ndio mkono wa dalali ndani ya familia yake. Nilimwuliza kwa nini asisuke vikapu vya nyumbani, vya wageni wa mahoteli. Akanijibu kwamba amesuka, viko ndani, nikitaka ninunue. Nimenunua viwili, kimoja chako.

Usije ukadhani basi kila kinachongoja kina faida. Nimekaa pia na mama mfinyanzi, kwenye kijiji cha upande mwingine wa mji. Kazi hii kwao ni ya wanawake, inatoka kwa mama kwenda kwa binti, na anaposimulia machimbo ya udongo anashusha sauti: wanaume hawasogei pale. Hana gurudumu. Anazunguka yeye, kinyumenyume, chungu kimesimama, na mdomo unatoka duara kamili. Vyungu vyake haviozi. Vinaweza kungoja mpaka kiama, na vingine, kusema kweli, vinaelekea huko, kwa sababu sisi wanawake wa mjini tunapikia sufuria na maharage tunachemsha kwenye presha. Kinachomwokoa siku hizi ni vyungu vya maua, mahoteli ya Lushoto wanaagiza. Mwenye hoteli mmoja alimtaka afinyange tembo wadogo wa kuuzia watalii. Akakataa. "Tembo simjui," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Binti yake anaona mama anakataa pesa. Mimi niko upande wa mama, lakini mimi si mlipa ada za shule za mtu pale.

Kuna pia kijana wa studio mjini, chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, kompyuta na maiki. Anarekodi mdumange, ngoma ya Wasambaa, anaziweka mdundo wa kisasa, vijana wanacheza kwenye harusi. Wimbo nao haukai ukaoza, ila unaibwa: asubuhi amemkabidhi bwana harusi, jioni uko kwenye simu za bodaboda wote. Hajali sana. Anasema pesa yake haitoki kwenye wimbo, inatoka kwa anayetaka jina lake litajwe ndani ya wimbo. Huyo atafika mbali.

Sasa, utaniambia Irente wanatengeneza jamu, jibini na mkate miaka yote, na Sakarani watawa wa Kibenediktini wana mvinyo na makadamia, mbona wao wamesimama. Wamesimama, na bidhaa zao nazipenda. Lakini wana kanisa nyuma yao na wageni wanaokuja wenyewe mpaka mezani. Wewe utakuwa na sufuria na mkopo.

Na hapo kwenye mkopo ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini, maana madaftari nimeyaona mimi. VICOBA inakopesha kwa miezi michache, marejesho yanaanza upesi. Mti unazaa mara moja kwa mwaka. Januari shule zinafunguliwa, sare, madaftari, michango, kila mwanamke anakopa, na Januari hiyo hiyo plamu zinaiva. Matokeo yake anaiuza plamu kwa bei yoyote ili apate rejesho la wiki. Dalali hana haja ya ujanja, kalenda inamfanyia kazi. Mama wa jamu alikwepa mtego huo kwa sababu moja tu, pensheni. Ile inayoingia kila mwezi ndiyo inayompa nguvu ya kumkaribisha dalali chai. Wewe mshahara wako ndio pensheni yako. Ukiuacha leo, chupa zitakazokuwa kabatini hazitakungoja zaidi ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Chukua likizo yako mapema mwezi ujao, mapeasi bado yapo, upande. Mama wa jamu amekubali ukae naye, umsaidie kumenya, ujifunze lile tone la sahani, ule hasara ya sufuria zake badala ya zako. Anataka kitu kimoja tu kwako. Wewe unapita Kariakoo kila wiki. Mtafutie bei za chupa za nusu kilo kwa katoni kumi, mifuniko kwa bei yake na chupa kwa bei yake, na uulize kama wanaweza kufungasha kwa maboksi yenye vigawanyo ili zisigongane njiani. Ukilitatua hilo kwanza umefanya biashara ya kwanza ya maana huku, na hujagusa hata peasi moja.

La mwisho sikutaka kuliandika lakini bora ulisikie kwangu. Nilipita shambani kwenu. Miti ni mizima, imebeba vizuri, upande wa mtoni matawi yametegemezwa kwa miti. Ila matunda ya mwaka huu si yenu. Mjomba wako aliyauza tangu yakiwa maua, alipokuwa anamuuguza mkewe, na pesa imekwisha. Hakukuambia kwa kuona haya. Alinipokea kwa ugali na mboga, akaniuliza habari zako mara tatu, ya nne akanyamaza. Nadhani alikuwa anangoja niseme kama unajua. Mpigie simu, shoga, lakini usianze na mapeasi. Anza na mgonjwa.

Mimi nashuka wiki ijayo na coasta ya asubuhi. Kapu lako ninalo. Nisalimie mama na watoto.

Wako nikupendaye daima.